Miaka 27 si uzee wa mbio: jibu langu kwa kijana wa Mafinga

Habari za jioni wakuu. Uzi wa huyu mdogo wetu wa Mafinga nimeusoma tangu jana usiku. Niliandika jibu, nikalifuta, na leo nimemaliza kusahihisha madaftari mapema ili nikae nalo vizuri. Kwa waliochelewa kufika: ana miaka 27, anafanya kazi ya mbao, anakimbia kilomita 10 na 21, nyonga inamuuma, muda wake bora wa 21 ni saa 1 na dakika 7. Mwalimu wake wa mazoezi amemwambia aache, umri umekwenda. Nyumbani nako wanamwambia wenzake wameshapanda miti na kuezeka nyumba, yeye anakimbiza upepo barabarani. Ndipo akauliza: mbona Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 akiwa na miaka 33? Mbona Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishika nafasi ya pili marathoni ya London mwaka 2024 akiwa na miaka 41? Wao wana nini? Wengi mmemjibu kwa neno moja, dawa. Wengine mmesema chakula, wengine damu ya Kikenya na Kihabeshi.

Mdogo wangu, mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Matamba kule Makete, sasa ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, upande wa Uyole. Nilikimbia kwa mashindano tangu nikiwa na miaka 16 hadi 24, nikaacha nikiamini kabisa kwamba nimezeeka. Nikarudi nikiwa na miaka 33. Muda wangu bora wa kilomita 21 wakati wa usichana ulikuwa saa 1 na dakika 21. Nikiwa na miaka 38, mama wa watoto wawili, nilikimbia saa 1 na dakika 18. Ninayoandika hapa nimeyapitia kwa miguu hii hii.

Nianze na Eliud Kipchoge wa Kenya, kwa sababu tumezaliwa mwaka mmoja, 1984, na nimemfuatilia kama mtu anavyomfuatilia aliyekaa naye dawati moja. Mwaka 2003 alishinda mita 5000 kwenye mashindano ya dunia Paris, akiwa na miaka 18, akiwaacha nyuma Hicham El Guerrouj na huyo huyo Bekele. Baada ya hapo akapata shaba ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Halafu mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Unajua alikuwa na miaka mingapi? 27. Umri wako leo. Laiti angekuwa na mtu wa kumwambia kama ulivyoambiwa wewe, angerudi nyumbani kulima, na dunia isingemjua kama tunavyomjua sasa. Mwaka uliofuata akaenda Hamburg kukimbia marathoni yake ya kwanza, akashinda. Dhahabu ya Olimpiki ya Rio alikuja kuichukua akiwa na miaka 31, ya Tokyo akiwa na 36, na rekodi ya dunia ya Berlin ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9 akiwa na miaka 37.

Mwaka 2008, wakati mimi ninafunga viatu vyangu kwenye mfuko wa rambo na kuvitundika darini, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikuwa anavunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin akiwa na miaka 35. Mwaka huo huo Constantina Diță wa Romania alichukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki Beijing akiwa na miaka 38. Mimi nilikuwa na miaka 24 na nimechoka kama bibi. Kwa hiyo swali lako, wao wana nini, mimi nimelibeba miaka mingi kabla hujaliuliza. Jibu nililolipata kwa kuchelewa ni kwamba wao wanaruhusiwa kupumzika. Wana watu wanaowalazimisha kupumzika na fedha za kulipia mapumziko hayo. Sisi tunazeeshwa tungali watoto.

Ngoja nieleze tulivyokuwa tunazeeshwa.

Anayeijua barabara ya Hamsini na Saba, ile inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa kona 57, ataelewa miguu yetu ilitengenezwa wapi. Tukiwa sekondari tulikuwa tunashuka na lori la viazi hadi Chimala, halafu tunapanda kwa mbio. Hakuna aliyetulazimisha, ilikuwa raha yetu. Nikaenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hadi ngazi ya mkoa, na kutoka hapo nikachukuliwa na timu ya taasisi moja katika mji mwingine. Nyumbani kulikuwa na shangwe, baba alichinja kuku wawili.

Kule mazoezi yalikuwa mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, na kila zoezi lilikuwa mashindano. Hapakuwa na kitu kinachoitwa mbio nyepesi. Mwalimu alikuwa na saa mkononi, na anayebaki nyuma alisafisha vyoo vya bweni. Ukisema unaumwa unaitwa mvivu mbele ya wenzako. Wasichana tuliambiwa tupungue, kwamba mwanariadha mzuri anaonekana mbavu. Tukawa tunajinyima ugali wa jioni. Siku zangu zikakata kwa miezi saba. Nilijikaza nikamwambia mwalimu, maana sikuwa na mwanamke mwingine wa kumwambia, akanijibu kwamba hiyo ni dalili sasa nimekuwa mwanariadha wa kweli. Nilimwamini. Leo ninajua kwamba msichana anayekimbia sana huku hali chakula cha kutosha, mwili unazima yale usioyaona ya lazima, hedhi ikiwemo, na mifupa inaanza kukosa nguvu. Mwaka uliofuata mfupa wa mguu wangu wa kushoto ukapata ufa. Ulipokaribia kupona nikarudishwa mbioni, na kwa kuwa nilikuwa naukinga mguu huo, kano ya kisigino cha kulia ikavimba. Ile kamba ngumu inayounganisha kigimbi na kisigino. Asubuhi nilikuwa natembea kwa kushika ukuta.

Dawa niliyopewa ilikuwa sindano ya kuua maumivu kabla ya mashindano, na kukandwa maji ya moto baada ya mashindano. Nilichomwa sindano nne katika msimu mmoja. Sindano ilizima kengele, moto ukaendelea kuwaka. Nilipomaliza mbio yangu ya mwisho nikiwa wa kumi na moja, niliambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe: umri umekwenda, tunao wasichana wapya wa miaka 17.

Wale wasichana wapya wa miaka 17 wako wapi leo? Wawili nawafahamu. Mmoja aliacha akiwa na miaka 21, mwingine 22. Kumbe lile lilikuwa shamba la kuvuna na kung'oa, kila msimu mbegu mpya.

Sasa tuangalie mwili wenyewe, maana uzee upo, sitakudanganya. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, ufanye mazoezi au usifanye. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni, kwa mtu anayekaa tu, hupungua kama asilimia 10 kila miaka 10 baada ya kuvuka 30. Lakini kwa anayeendelea na mazoezi makali bila kukatiza, upungufu huo huwa karibu nusu yake. Nyuzi za misuli zinazotoa kasi ya ghafla hupungua mapema, zile za ustahimilivu hudumu. Ndiyo maana wazee wengi unawakuta kwenye marathoni na si kwenye mita 100. Na ndiyo maana Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika ananishangaza kuliko Kipchoge: mwaka 2022 kule Eugene, Marekani, alichukua dhahabu yake ya tano ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 10.67, akiwa na miaka 35 na mtoto wa miaka karibu mitano.

Kinachofidia ni uzoefu wa mwili. Ninyi wa Mafinga mnaupita mlima Kitonga kila mkienda Dar. Mmeona dereva mpya wa lori anavyoshuka akikanyaga breki hadi zinanuka, na mmeona mzee aliyeendesha miaka 20 anavyoshuka kwa gia, taratibu, na anafika chini breki zake ni za baridi. Injini ni ile ile, pengine ya mzee imechakaa zaidi. Mwanariadha aliyekimbia miaka 15 bila kuvunjika vibaya, mguu wake unagusa ardhi na kuondoka bila kupoteza nguvu, mabega hayakazi, anajua kilomita ya 30 itamwambia nini. Hilo halinunuliwi na linakuja kwa miaka tu. Shida ni kwamba wengi wetu tunaharibika kabla miaka hiyo haijafika.

Na mwili huu haukubadilika juzi. Carlos Lopes wa Ureno alichukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles 1984 akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia Rotterdam. Tusiende mbali, Suleiman Nyambui wetu, aliyepata fedha ya mita 5000 Moscow 1980, alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na akarudia 1988, akiwa na miaka 34 na 35. Juma Ikangaa alishinda New York 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1 akiwa na miaka 32. Watanzania, miaka hiyo, kwa viatu vile. Tofauti ya sasa ni kwamba waliokuwa wachache wamekuwa wengi, kwa sababu njia ya kufika huko imefunguliwa kwa watu wengi zaidi.

Niliporudi mwaka 2017 sikurudi nikiwa na ndoto yoyote. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili, nina uzito, nina mawazo, nikaanza kutembea kutoka Uyole kwenda Igawilo alfajiri, ile saa ukungu bado umelala barabarani. Kutembea kukawa kukimbia kidogo. Baada ya wiki sita kisigino kikaamka, maumivu yale yale ya miaka tisa nyuma. Nikasema basi. Dada mmoja tunayesali naye akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Yule mtaalamu hakunichoma sindano. Aliniuliza nalala saa ngapi. Akaniuliza nakula nini kabla na baada ya kukimbia. Halafu akanipa zoezi moja: simama kwenye ngazi kwa ncha za nyayo, panda kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa mguu unaouma hadi kisigino kiwe chini ya usawa wa ngazi. Seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Wiki 12. Nilikuwa nafanyia kwenye baraza ya darasa la kwanza, watoto wananihesabia kwa sauti kama wimbo. Wiki ya nne nilitaka kuacha. Wiki ya tisa niliamka nikaenda jikoni, nikafika kwenye jiko ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimeshika ukuta. Nikakaa kwenye kigoda nikalia. Miaka tisa ya mbio niliipoteza kwa kukosa ngazi na mtu wa kunionyesha namna ya kuitumia.

Wenzetu walioendelea wana mtu wa namna hiyo kila asubuhi. Anawashika miguu kabla tatizo halijawa jeraha. Mtu akipasuka kano ya goti anafanyiwa upasuaji kwa matundu madogo na kurudi uwanjani, jeraha ambalo kwa kizazi cha baba zetu lilikuwa mwisho wa safari. Ukiondoa hayo majeraha yasiyotibiwa kwenye maisha ya mwanariadha, utashangaa uzee umebaki mdogo kiasi gani.

Halafu mazoezi yenyewe. Kipchoge amesema mara nyingi kwamba mazoezini hajitoi kwa asilimia 100, hizo anaziweka kwa siku ya mashindano. Kambi yao ya Kaptagat iko mita kama 2,400 juu ya bahari, wanalala mapema, wanafua wenyewe, na kocha wake, Patrick Sang, amekuwa naye tangu akiwa kijana mdogo. Miaka yake bora alikuwa akikimbia marathoni mbili tu kwa mwaka. Mbili. Sasa nikueleze kijana mmoja niliyemsaidia hapa Mbeya, miaka 23, mwepesi kama swala. Mwaka juzi alikimbia mbio 14. Mbeya, Iringa, Njombe, Songea, hadi Sumbawanga. Kila penye bahasha ya laki mbili au tatu alikuwepo, analala kwenye basi, asubuhi anakimbia, usiku anarudi. Nilimsihi apunguze. Akaniuliza, mwalimu, kodi ya chumba utanilipia wewe? Sikuwa na jibu. Mwaka jana alivunjika nyonga, sasa anaendesha bodaboda Kabwe.

Hapo ndipo fedha inapoingia, na naomba msinichoke kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoiona kubwa kuliko zote. Filbert Bayi wetu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa na miaka 20 na riadha ilikuwa ya ridhaa. Kulipwa kwa kukimbia kulikuwa mwiko. Mtu akifika miaka 26 au 28, ana familia, lazima achague kazi. Wakaondoka wakiwa na nguvu zao, na sisi tukadhani nguvu ndiyo iliyoisha. Leo dhahabu ya dunia kama ya Simbu ina zawadi ya dola 70,000 za Marekani, ukiacha mikataba ya viatu na malipo ya kualikwa kwenye marathoni kubwa. Na Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ, yaani hata miaka ambayo hakushinda, mshahara uliingia. Tazama safari yake: wa tano Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, wa saba Olimpiki ya Tokyo, wa 17 Paris 2024. Baada ya Paris wangapi walisema amekwisha? Aprili 2025 akawa wa pili Boston, na Septemba akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde, baada ya kilomita 42. Mtu mwenye njaa asingefika hadi mwaka wa tisa wa safari hiyo.

Kwa wanawake fedha hiyo ilikuja na masharti. Mwaka 2019 Allyson Felix wa Marekani alisema hadharani jinsi kampuni iliyokuwa ikimdhamini ilivyotaka kumpunguzia malipo baada ya ujauzito. Kelele zikawa nyingi, mikataba ikabadilishwa ili kumlinda mwanariadha mjamzito. Mwaka 2021, akiwa na miaka 35, Felix alirudi nyumbani kutoka Tokyo na dhahabu na shaba. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, akachukua dhahabu za Olimpiki za mita 1500 mwaka 2021 na 2024 kuongezea ile ya 2016, na Julai 2025 alishusha rekodi ya dunia hadi dakika 3 na sekunde 48.68. Zamani kwetu mimba ilikuwa kwaheri. Mimi mwenyewe niliambiwa na mama mkwe, kwa upendo kabisa, kwamba kiuno kikishazaa hakikimbii. Mama yangu huyo sasa ndiye anayenishikia chupa ya maji barabarani.

Viatu nitavipitia haraka. Tangu 2017 kuna viatu vyenye bamba la kaboni ndani na soli nene nyepesi. Vipimo vya maabara vya mwanzo vilionyesha vinaokoa kama asilimia 4 ya nguvu ya mkimbiaji, na mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia likaweka kikomo cha soli milimita 40. Wakimbiaji husema miguu haiumi siku ya pili kama zamani, na hilo linamsaidia zaidi mwenye umri. Lakini Kipchoge na Bekele walikuwa mabingwa kabla ya viatu hivyo, na wewe usiende kukopa kwa ajili yake.

Kuhusu dawa. Zipo, na ninaumia kuliko mtu anavyodhani kila jina jipya linapotajwa. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston, alikutwa na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 2014, na nilikuwa nimempenda. Dawa zinamsaidia mtu kupona haraka, kwa hiyo anayetaka kurefusha safari ana kishawishi kikubwa. Ila ninyi mnaojibu "dawa" kwa kila mtu aliyevuka 30 mnamfanyia kijana huyu ubaya. Mnamfundisha kwamba mlango ni mmoja na ni mchafu. Mimi sikutumia chochote zaidi ya maharage, viazi, maziwa, parachichi na usingizi, na nilijishinda mwenyewe wa miaka 23. Kama mwili wa mwalimu wa shule ya msingi unaweza hivyo bila kuandaliwa, mwili ulioandaliwa miaka 15 unaweza mengi bila sindano.

Waliouliza kuhusu mpira na tenisi, mambo ni yale yale. Kipa Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45. Novak Djokovic alipata dhahabu ya Olimpiki Paris akiwa na miaka 37. Kwenye mpira wachezaji watano wa akiba tangu 2020 wamewapunguzia wakubwa dakika. Na kumbukeni tunawaona waliobaki tu. Kwa kila mmoja aliyefika 38 kuna wengi waliopotea wakiwa na 25, Ulaya pia.

Kurudi nyumbani. Hewa nyepesi tunayo: Mbeya mjini tuko mita kama 1,700, Kitulo ni zaidi ya 2,600, juu kuliko Kaptagat. Milima tunayo, viazi na maziwa tunayo, watoto wanaotembea kilomita nyingi kwenda shule tunao. Tunachokosa ni mtu wa kumwambia mtoto wa miaka 13 akimbie taratibu. Kila mwaka kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ninagombana na wenzangu kuhusu jambo hili. Mtoto akionekana ana mbio anapewa zoezi la mtu mzima, anashinda, tunapiga makofi, na kabla hajamaliza sekondari magoti yamekwisha. Nimeshaitwa mwalimu mlegevu. Sawa. Wanafunzi wangu watatu wa mwanzo niliowashika hivyo sasa wana miaka 19 na 20 na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa mwezi mzima kwa jeraha.

Kwako sasa, mdogo wangu. Sitakuambia utakuwa Simbu. Dakika 67 kwa kilomita 21 ni muda mzuri hapa nyumbani, lakini wanaoshinda mbio kubwa za nje wanamaliza chini ya saa 1, na dakika saba ni pengo pana. Umesema mwenyewe unakimbia kwa nguvu kila siku na hujawahi kuwa na wiki nyepesi tangu uanze. Maana yake hujajijua bado. Mtu asiyewahi kupumzika hana haki ya kusema amefika mwisho, wala mwalimu wake hana haki hiyo. Kazi ya mbao usiiache, iombe ikupe asubuhi. Kwa miezi mitatu kimbia siku tano, nne kati ya hizo kwa mwendo wa kuweza kusimulia habari za nyumbani bila kukata pumzi, moja tu ngumu. Utajisikia mvivu, na wenzako watakupita pale msitu wa Sao Hill wakicheka. Waache wapite. Usisaini mbio yoyote kabla ya miezi hiyo kwisha, hata yenye bahasha. Kula kabla hujaona njaa, hasa ndani ya saa moja baada ya zoezi gumu.

Halafu naomba unijibu mambo matatu hapa hapa, na wengine wenye ujuzi wasaidie. Unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, siku za kazi? Ile nyonga uliyosema inauma, inauma unapoanza kukimbia halafu inapoa, au inazidi kadiri unavyokwenda? Na ukisimama kwa mguu huo mmoja na kurukaruka mara kumi, unasikia maumivu sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole? Kama jibu la hili la mwisho ni ndiyo, kesho usikimbie kabisa. Nenda hospitali wakupige picha ya mfupa, na kama hiyo picha haionyeshi kitu na maumivu bado yapo, usikubali kuambiwa ni uvivu. Niandikie.